Mboni Ilikamilika

Nimeendesha basi Stockholm miaka mingi. Nimetukanwa na walevi, nimetapikiwa na watoto wa shule, na bado sijawahi kupandwa na hasira kama zile zilizonipanda siku niliyosoma ukuta wa makumbusho. Mtu akikukosea unaweza kumjibu. Ukuta unaujibuje?

Tulikuwa tumealikwa kuangalia maonyesho kabla hayajafunguliwa. Aliyealikwa hasa alikuwa Dafrosa, jirani yangu wa Fittja, ambaye mimi humwita Mama Anitha kwa jina la bintiye. Mimi nilikwenda kama mpambe. Maonyesho yalihusu kampuni za mwanzo za kompyuta hapa Sweden, na Dafrosa aliwahi kuwa na kampuni, yeye na Mswidi mmoja aitwaye Isak. Walitengeneza programu ya kurekebisha picha, enzi ambazo picha ikishasafishwa ilikuwa imetoka, na kama umetoka vibaya ni shauri yako. Programu waliiita Mboni. Jina alilichagua Dafrosa, na Isak akalikubali kwa sababu mdomo wake uliliweza.

Basi tukasimama mbele ya ukuta. Ilikuwepo picha ya vijana wawili wamekaa mbele ya kompyuta nene: msichana mwembamba wa Kihaya mwenye nywele zilizotimka, na Mzungu mrefu aliyekunja miguu asijue aiweke wapi. Chini yao palikuwa na maelezo mafupi ya Kiswidi, kwa herufi nyeupe za kubandikwa. Sentensi ya mwisho ilisema: *Programmet blev aldrig färdigt.* Yaani, programu haikukamilika kamwe.

Dafrosa akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akaisoma tena.

"Ilikamilika," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kifua chake.

"Mama Anitha, si useme wasikie!"

"Nimesema."

Watanzania ndivyo walivyo. Nyumba inaungua, na Mtanzania anakuambia samahani, naona kuna joto kidogo. Mimi Mkamba wa Machakos sina hiyo subira. Nikamwita msimamizi wa maonyesho, dada mmoja mwenye nywele fupi, jina lake Tove, nikamwambia ukuta wake ni mwongo.

Tove hakubisha. Waswidi hawabishani nawe, wanakuomba ushahidi. Alituambia nakala pekee waliyoipata ilitoka kwenye ofisi ya gazeti la zamani, na ilikuwa ikikwama kila walipojaribu kugusa uso wa mtu. "Na Isak mwenyewe tulimuuliza," akaongeza. "Yeye ndiye aliyetuambia haikukamilika. Mkiniletea nakala inayofanya kazi kabla ya ufunguzi wa Jumamosi, nitabadilisha maandishi. Bila nakala siwezi."

"Isak amesema hivyo?" Dafrosa akauliza.

"Ndiyo."

Hapo ndipo nilipoona imemuuma. Ukuta aliuvumilia, lakini Isak alimchoma.

Kwenye treni ya kurudi Fittja alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mueni, mimi sitafuti sifa. Lakini Anitha amekua nikimwambia mama yake alikamilisha kitu katika nchi hii. Wakishafungua, mjukuu wangu ataletwa pale na darasa lake, asome ukutani kwamba bibi yake alishindwa. Nitamwambia nini?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira zangu huwa zinataka kazi ya kufanya.

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa. Kampuni ilizaliwa kwenye stoo ya chini ya jengo letu, ukuta mmoja na chumba cha kufulia nguo. Dafrosa alikuwa ametoka Bukoba kwa udhamini wa serikali kuja kusoma uhandisi. Isak alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana wa Luleå kule kaskazini, mtu wa kusema sentensi moja kwa siku, na hiyo moja aifikirie kwanza. Waliipenda stoo ile kwa sababu joto la mashine za kukaushia nguo liliwafikia bure. Kila aliyeshuka kufua alichungulia, akawakuta wawili hao wamelikodolea macho sikio la mtu kwenye skrini.

Kilichowakutanisha ni theluji. Siku zile mtu mweusi akipigwa picha kwenye theluji, mashine za kusafishia picha ziliona weupe mwingi zikapunguza mwanga, nasi tukatoka vivuli vyenye meno. Picha niliyopiga mwaka wangu wa kwanza hapa, mama yangu aliipokea Machakos akauliza kwa nini nimemtumia picha ya koti. Na ukiongeza mwanga ili uso uonekane, gauni la bibi harusi linageuka karatasi. Dafrosa aliona watu wa kwao wanafutwa kwenye harusi zao wenyewe, akasema kompyuta lazima iweze kushughulika na kila uso peke yake. Ndiyo ilikuwa shabaha ya Mboni. Kila mtu katika picha aliwekwa kwenye tabaka lake, mfano wa karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukigusa moja nyingine hazina habari.

Na hapo ikaingia kazi ya pili, ambayo Isak hakuwahi kuiota. Kwetu picha ya harusi lazima iwe na watu wa nyumbani wote, waliofika na walionyimwa viza. Akina mama wakaanza kumletea Dafrosa picha za pasipoti: huyu ni baba yake bibi harusi, yuko Arusha, msimamishe hapa kulia. Huyu ni kaka mkubwa, mpunguze kitambi. Dafrosa akawasimamisha. Akamaliza, akaipa kila familia disketi yenye picha, na ndani yake akaweka programu nzima, ili shangazi akitaka kusogezwa karibu na bibi harusi asogezwe.

Programu nzima! Ile ambayo Isak alikuwa akizunguka nayo kwenye magazeti na maabara za picha akijaribu kuiuza. Alipogundua kwamba nusu ya Waswahili wa Stockholm wanayo kabatini, akatumia sentensi zake za mwezi mzima kwa jioni moja. Dafrosa akamjibu, "Mtu amekulisha pilau, utamnyima nakala?" Kwake lilikuwa jambo lililo wazi kabisa. Kwa Isak ulikuwa wendawazimu. Baridi ile ile akafunga begi, akarudi Luleå kufundisha hesabu, na programu, japo ilishaweza kuwasimamisha watu, ikiwa bado inakwama ukitaka kung'arisha uso.

Kwa hiyo Isak hakudanganya. Alisema alichokijua. Asichokijua ni kwamba Dafrosa aliendelea peke yake, huku mimba ya Anitha imemfika kifuani, mpaka nyuso zikakubali. Mboni iliyokamilika ilitumika katika harusi tatu tu. Kisha bomba la chumba cha kufulia likapasuka, stoo ikajaa maji ya sabuni, na kompyuta na disketi zote zikaoga. Kampuni ikafa mwaka huo.

Harusi tatu, basi disketi tatu. Moja ya Waganda waliohamia Kanada, ambao hawapokei simu. Moja ilikuwa yangu.

Nikampigia Wayne, aliyekuwa mume wangu. Picha yetu ya karatasi tuligawana siku ya talaka, nusu yangu ninayo, lakini vitu vya kompyuta alichukua yeye.

"Wayne, ile disketi ya harusi iko wapi?"

"Ile ya plastiki nyeusi? *Ai*, Mueni. Hiyo nilikuwa naitumia kukwangua barafu kwa kioo ya gari. Ilikuwa poa sana. Ilivunjika winter ya pili."

Nikakata simu kabla sijasema la kujutia. Ikabaki moja, ya Khalfan wa Hjulsta.

Khalfan ni mtu wa Tanga. Alikuja kama mwanafunzi wa ufundi, akabaki, akastaafu juzi tu. Tulipanda treni ya buluu mpaka mwisho wake, na njiani nikamwomba Dafrosa jambo moja: tuseme shida yetu mlangoni, wakati unakimbia. Akaniahidi. Tulipofika akaanza salamu. Hali, watoto, wajukuu, goti la Khalfan, goti la ndugu yake Khalfan aliye Pangani. Kisha mkewe, Bi Saumu, akaleta chai, na baada ya chai akaleta vitumbua, na mimi nikala kwa hasira, lakini nikala.

"Bi Dafrosa, mbona mmekuwa adimu hivyo?" akauliza Khalfan.

"Kazi tu, kaka yangu. Sasa, tumekuja na shida kidogo."

Nilikaribia kupiga makofi.

Alipoeleza, Bi Saumu aliinuka, akaingia chumbani. Tukasikia sanduku likiburutwa. Alirudi na kanga yake ya harusi, akaikunjua juu ya meza mkunjo kwa mkunjo, na katikati ilikuwepo disketi, safi, inanukia udi.

"Ulinipa kwa mkono wako mwenyewe," akamwambia Dafrosa, "ukaniambia, Saumu, hii ndiyo harusi yako, itunze. Nikaitunza. Picha ya karatasi tuliwapelekea wazee Tanga. Hii hatujaifungua hata siku moja. Kwanza hatukuwa na kompyuta, na tulipoipata haikuwa na tundu lake."

Dafrosa aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha, nami nikageuza uso nikamaliza kitumbua cha mwisho.

Tundu la disketi tulilipata Fisksätra, kwa Papy. Papy ni Mkongo wa Bukavu, anatengeneza kompyuta nyumbani kwake karibu na kituo cha treni, na hawezi kutupa mashine hata iwe imekufa mara ngapi. Alikuwa nayo ya aina ile ile iliyoogeshwa stoo. Akainusa disketi, akacheka.

"Maman, hii kitu ni mzee kuliko bibi yangu. Ikisoma mara moja, tushukuru Mungu. Sitaki muniharakishe. *Doucement*, polepole."

"Papy, ufunguzi ni Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi yenu, si Jumamosi ya disketi."

Akaifungua, akasafisha utando wake kwa spiriti na pamba, akauhamishia kwenye ganda jipya. Mashine ikaanza kuisoma kwa sauti ya kusaga meno. Ilisoma kipande, ikagoma. Papy akaipumzisha, akaijaribu tena. Kila kipande kilichopatikana alikinakili kwanza mahali salama, na hakutaka kufungua chochote mpaka vipande vyote vitimie. Ijumaa ikaisha kukiwa na pengo. Dafrosa alikaa pale na rozari mkononi, mimi nilikaa pale na hasira, na sijui kipi kilisaidia. Jumamosi, saa chache kabla ya ufunguzi, Papy akapiga kelele, "Imetimia!"

"Ifungue tuone," nikasema.

"Muda hakuna. Mutaifungulia kule."

Tukaipakia ile mashine kwenye gari langu, Papy kaipakata skrini kiti cha nyuma kama mtoto mgonjwa, nami nikaendesha kwa namna ambayo sitaieleza, maana waajiri wangu wanaweza kusoma haya.

Makumbusho yalijaa. Watu wa suti, watu wa kamera, glasi za mvinyo. Na kando ya ukuta ule, kichwa kimewapita wote, alisimama Isak. Nywele zilikuwa nyeupe sasa, lakini mikono yake bado ilikuwa haijui ikae wapi. Dafrosa alimwendea moja kwa moja. Wakapeana mikono.

"Hej, Dafrosa."

"Hej, Isak."

Miaka thelathini na ushei, na hayo ndiyo maongezi. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Tove alitupa meza mbele ya ukuta. Papy akaunganisha waya, akabonyeza. Skrini ikabaki nyeusi, ikakaa nyeusi, na mtu mmoja nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha Kiswidi cha kumwonea mtu aibu. Kisha ikawaka. Likaja jicho, na chini yake neno Mboni.

"Huo ni mwanzo tu," Isak akasema taratibu, bila ubaya. "Hata ile yangu ilifika hapo. Itakwama kwenye uso."

Dafrosa akakaa, akashika kipanya, akaifungua picha ya harusi ya Khalfan.

Ilishuka kwenye skrini mstari kwa mstari. Kwanza ghorofa za Hjulsta. Kisha theluji. Kisha wao. Bi Saumu na gauni lake, unaona hadi mishono, na uso wake wa kahawia ukiwa uso, una mashavu, una haya ya bibi harusi. Khalfan yupo na macho yake yote mawili. Nyuma yao watu wa kila rangi ya weusi, na hakuna aliyemezwa na kivuli. Dafrosa akagusa uso mmoja, akaung'arisha, akaurudisha. Akagusa mwingine. Haikukwama. Mama mmoja mtu mzima, mgeni kabisa, akasema "Jamani, wazuri hao!" kwa Kiswidi chake, na nilitaka kumbusu.

Tove aliinama karibu na skrini. Akanyoosha kidole kwenye safu ya nyuma, kwa kijana mmoja Mzungu, mrefu, mwenye skafu, anayetabasamu kidogo katikati ya shemeji wawili wa Khalfan.

"Isak! Kumbe ulikuwepo kwenye harusi hii?"

Isak akasogea. Akavua miwani, akaivaa. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Sikuwepo," akasema. "Nilikuwa Luleå."

Dafrosa akabonyeza mara moja. Yule kijana akatoweka, na mahali pake pakabaki theluji tupu kati ya wale mashemeji wawili. Akabonyeza tena. Kijana akarudi, na kivuli chake kikarudi naye, kimelala kwenye theluji upande ule ule wa vivuli vya wenzake. Bwana mmoja wa kamera aliomba nafasi, akapitisha pua yake juu ya skrini yote akitafuta palipoungwa. Alitafuta, akainuka, akatikisa kichwa.

"Ulikuwa uso wangu wa majaribio miaka yote ile," Dafrosa akamwambia Isak. "Picha zako nilikuwa nazo tele."

"Lakini mimi na wewe tulikuwa tumegombana. Kwa nini uliniweka?"

Na hapo Dafrosa, huyu mpole wangu anayeongea na kifua chake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Kwetu hatumwachi mtu wetu nje ya picha kwa sababu amenuna."

Isak akageuka, akaenda ukutani. Akainua kucha, akaanza kubandua. Herufi ya kwanza ya *aldrig*, lile neno la kamwe linalobeba ukanushi wote wa sentensi, ikatoka ikamganda kidoleni. Akabandua ya pili. Mlinzi alipiga hatua, lakini Tove akamzuia kwa mkono, kisha akaenda mwenyewe akasaidia zilizobaki. Walipomaliza, sentensi ilikuwa na pengo katikati, na ukiisoma hivyo ilivyo, kwa Kiswidi safi, inasema programu ilikamilika.

Nikapiga vigelegele. Ndani ya makumbusho, mahali ambapo watu hunong'ona hata wakiuliza choo. Papy akanipokea kwa mluzi, na wale wa suti, Mungu awabariki, wakapiga makofi hadi mvinyo ukamwagika. Dafrosa alikuwa amempigia Anitha simu ya video, na kutoka kwenye kile kisimu nikasikia sauti ya mtoto ikiuliza kwa Kiswidi, "Bibi, ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, mimi," Dafrosa akasema. "Mimi na huyu hapa."

Watu wakapanga foleni wakitaka kuona ule muujiza kwa macho yao. Dafrosa akawaonyesha: Isak hayupo, Isak yupo. Hayupo, yupo. Watu wanacheka, wanaomba tena. Alipopeleka kidole kubonyeza mara nyingine, Isak akaufunika mkono wake kwa wa kwake.

"Sasa basi, Dafrosa," akasema. "Niache nibaki humo."

Dafrosa akaondoa mkono kwenye kipanya.